Golf GTI, Peugeot 205 GTI au Lancia Delta Integrale: ufufue ipi?

Kila mtu anayeniambia anatafuta hachibaki (gari dogo lenye mlango wa buti unaofunguka na kioo chake) ya zamani yenye damu ya mbio ili aifufue, mwishowe hukwama kwenye majina matatu: Volkswagen Golf GTI ya kwanza, Peugeot 205 GTI na Lancia Delta HF Integrale. Mara nyingi huwa ameshaliona gari mahali. Limefunikwa turubai nyuma ya nyumba ya mtu, au liko kwenye tangazo lenye picha sita na maneno "linahitaji marekebisho madogo". Anataka nimtajie iliyo bora. Simtajii, kwa sababu sijui gereji yake ikoje, mikono yake inajua kazi gani, wala barabara atakayoliendesha.

Ninachoweza ni kuziweka zote tatu mbele yake na kuzipima kwa mizani moja. Nimezishika zote, kwanza Mombasa na baadaye Uingereza: Golf mbili, 205 nne na Delta moja iliyonikalia miezi kumi na minne. Katika kazi hiyo niligundua jambo ambalo sasa ndilo naanza nalo kila mara: maradhi ya gari hizi yanatokana na namna zilivyozaliwa. Ukijua kwa nini gari lilitengenezwa, utajua pa kuweka tochi.

Nitazipima kwa mambo matano. Kwanza historia yake, kwa sababu ndiyo inayokuvuta na ndiyo inayokudanganya. Pili bodi, mahali ambapo pesa nyingi ya ufufuaji huliwa. Tatu injini, gia na miguu. Nne vipuri. Tano usukani na barabara, jambo ambalo wengi hulikumbuka wakati meli imeshang'oa nanga.

Zilivyozaliwa

Golf GTI haikuagizwa na mkubwa yeyote. Wahandisi wachache wa Wolfsburg, makao makuu ya Volkswagen, waliianza kwa siri mwanzoni mwa miaka ya 1970, nje ya mipango rasmi ya kampuni. Ilionyeshwa Frankfurt Septemba 1975 na ikaanza kuuzwa katikati ya 1976. Hesabu ya wakubwa ilikuwa kuuza 5,000 basi. Kizazi cha kwanza kilipokoma, zilikuwa zimetoka zaidi ya 460,000. Siri yake ilikuwa nyepesi: gari la kila siku la kilo 810 hivi, injini ya cc 1,588 yenye sindano za mafuta za Bosch K-Jetronic, nguvu farasi 110. Mwishoni mwa 1982 injini ikapandishwa hadi cc 1,781 na nguvu farasi 112. Kwenye ralli, Golf ya kwanza ilipigana na wakubwa bila kuwatisha sana. Per Eklund aliifikisha nafasi ya tano Monte Carlo mwaka 1980. Ushindi wa dunia ulikuja na mdogo wake, Golf ya pili ya vali 16, ambayo Kenneth Eriksson alishinda nayo ralli ya Ivory Coast mwaka 1987. Kwa hiyo unachonunua ni gari la familia lililotiwa roho. Kila kitu ndani yake ni cha kawaida na kinafikika kwa spana.

Kuhusu 205 wengi huchanganya mambo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Peugeot 205 ilitoka mwaka 1983, na GTI ikafuata 1984 ikiwa na injini ya cc 1,580 na nguvu farasi 105, baadaye 115. Ile ya cc 1,905 yenye nguvu farasi 130 ilifuata mwaka 1986. Gari lililotwaa ubingwa wa dunia ni jingine kabisa, 205 Turbo 16. Injini yake ilikaa katikati, nyuma ya viti, ilivuta kwa magurudumu manne, na zilitengenezwa 200 za barabarani ili kutimiza sheria za Kundi B, daraja la magari makali kuliko yote ya ralli wakati ule. Chini ya uongozi wa Jean Todt, Peugeot ilichukua ubingwa wa watengenezaji 1985 na 1986, Timo Salonen akiwa bingwa wa madereva mwaka wa kwanza na Juha Kankkunen wa pili. Henri Toivonen na mwenzake Sergio Cresto walipofia Corsica mwaka huo wa 1986 wakiwa kwenye Lancia, Kundi B likapigwa marufuku, na Turbo 16 ikahamia jangwani ikashinda Paris–Dakar 1987 na 1988. Safari Rally haikuishinda kamwe.

GTI ya barabarani inashiriki na Turbo 16 sura na jina, na karibu hakuna kingine. Akikwambia muuzaji kwamba GTI yake ni "gari la Kundi B", mshukuru uondoke. Hata hivyo GTI ina sifa yake isiyohitaji kuazimwa: ile ya 1.6 ina kilo 850 hivi, na hakuna gari jepesi la zama zile linaloongea na mikono ya dereva vizuri kuliko hilo.

Na kwetu jina Peugeot lina uzito wake. 404 ilishinda Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na mara mbili za katikati aliyekuwa kwenye usukani ni Bert Shankland wa Tanzania. 504 ikafuata na ushindi wa 1975 na 1978. Lakini usiichukue 205 ukaipeleka kwa fundi wa 504 ukidhani ni mtu na ndugu yake. Ndani hazifanani.

Delta ndiyo yenye hadithi nzito zaidi kwa mtu wa Afrika Mashariki. Lancia walikuwa wamekuja Kenya miaka mingi wakirudi mikono mitupu. Mwaka 1975 Stratos zao zilimaliza za pili na za tatu, nyuma ya 504 ya Ove Andersson. Pasaka ya 1988 redio ya nyumbani kwetu haikuzimwa, na jina lililorudiwa lilikuwa Miki Biasion. Alishinda Safari na Delta Integrale, akashinda tena 1989, na Kankkunen akaongeza wa tatu 1991. Kwa ujumla Delta iliipa Lancia ubingwa wa watengenezaji mara sita mfululizo, kuanzia 1987 hadi 1992.

Lakini angalia ilivyofika pale. Bodi ya Delta ilichorwa na Giugiaro, yule yule aliyechora Golf, na ilitoka mwaka 1979 ikiwa gari la heshima la familia lenye nguvu farasi chini ya 90. Kundi B lilipokufa ghafla, ubingwa ulihamia Kundi A, daraja la magari yaliyo karibu na ya dukani, ambalo lilidai magari 5,000 ya barabarani, na Delta ya magurudumu manne ilikuwa tayari. Kutoka hapo wakawa wanaisukuma: nguvu farasi 165 mwaka 1986, 185 kwa Integrale ya kwanza, 200 kwa ile ya vali 16 mwaka 1989, 210 kwa Evoluzione ya 1991 na 215 kwa ya mwisho ya 1993. Bodi ni ile ile ya 1979, imepanuliwa mabega tu. Shika hilo, tutalirudia.

Bodi na kutu

Golf inaoza. Hakuna namna ya kulisema kwa upole. Chuma chake ni cha miaka ya 1970, na Uingereza na Ujerumani barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Tazama chini ya milango, fenda za mbele, kingo za kioo cha mbele, na pale jeki inapokaa. Kuna mahali pengine ambapo mtu asiyeijua Golf hapatazami: shingo ya kutilia mafuta, bomba linalotoka kwenye kifuniko hadi kwenye tanki. Huoza kwa ndani, na kutu hutiririka na mafuta.

Golf yangu ya kwanza ilikuwa inawaka vizuri asubuhi, ikipata moto inakohoa. Nikafungua chujio la mafuta nikalikata kwa msumeno juu ya gazeti. Lilichomwagika ni vumbi jekundu, laini kama udongo wa Voi, nusu kijiko cha chai. Nikarudi nyuma kwenye ile shingo, nikaiminya kwa vidole, ikavunjika kama ganda la yai. Vumbi lile lilikuwa limeshafika kwenye kigawanyio cha mafuta cha K-Jetronic, kifaa ambacho kinapima mafuta kwa nafasi nyembamba mno na hakivumilii hata chembe. Shingo ni kitu cha bei ndogo. Kigawanyio si hivyo. Tangu siku hiyo nikikagua Golf naanzia kwenye mafuta, halafu injini.

205 hustahimili kutu kuliko Golf, hasa zile za miaka ya mwisho kabla ya 1994 zilipokoma. Tazama sakafu ya buti, kingo za mlango wa nyuma na sehemu za jeki, na kama lina tundu la paa, chunguza mifereji yake ya maji. Hatari yake ni nyingine: ni gari jepesi lenye mabati membamba, na wengi walioziendesha walikuwa vijana. Nyingi zimegongwa. Pima nafasi kati ya mlango na fenda pande zote mbili kwa kidole kimoja. Kidole kikiingia upande mmoja na kisiingie wa pili, kuna hadithi ambayo hujasimuliwa.

Delta inapasuka. Hapo ndipo zile nguvu farasi 200 zinapodai haki yake kwenye bodi iliyojengwa kwa chini ya 90. Turbo ikisukuma na magurudumu manne yakishika, bodi inajikunja kidogo kila mara, na mwisho chuma kinachoka. Simama mbele ya gari, weka ukucha kwenye pembe ya juu ya kioo cha mbele, pale nguzo inapokutana na paa, uuburute taratibu. Kwenye Delta niliyoifanyia kazi rangi ilikuwa mpya na inang'aa, lakini ukucha ulinasa kwenye mstari mwembamba kama unywele. Tulipokwangua rangi tukakuta puti, na chini ya puti ufa wenye urefu wa kiganja. Kagua vivyo hivyo viti vya shoko za mbele ndani ya boneti. Ufa wa aina hii hauzibwi kwa puti. Hufunguliwa, hunyooshwa, huchomelewa na kuimarishwa, na fundi wa bodi awe ameshaifanya kazi hiyo kabla ya kukufanyia wewe.

Kama utaliweka gari pwani, iwe Mombasa, Tanga, Unguja au Muscat, upepo wa chumvi utaongeza kasi ya yote niliyosema, na Golf ndiyo itakayoumia kwanza. Panga tangu mwanzo kunyunyizia nta ndani ya mashimo ya bodi, na uirudie kila mwaka.

Injini, gia na miguu

Injini ya Golf ni rafiki wa fundi. Chuma cha kawaida, nafasi ya kutosha kuingiza mkono, na hata ikiwa imetembea sana utakachokiona kwanza ni moshi wa buluu baada ya kusimama kwenye taa, maana sili za vali zimekauka. Gia ndiyo yenye siri. Difu ya gia boksi hii imefungwa kwa ribiti, na ribiti ikilegea inaweza kutoboa boksi kutoka ndani. Ukiteremsha gia boksi kwa sababu yoyote, hata ni kubadilisha klachi tu, mwambie fundi aweke bolti mahali pa ribiti. Breki za Golf zenye usukani wa kulia nazo zina malalamiko ya miaka yote: silinda kuu ilibaki upande wa kushoto na kuunganishwa kwa fimbo inayovuka gari, kwa hiyo pedali ni laini na haikupi imani. Fimbo hiyo na bushi zake zikitengenezwa upya, hali huwa nafuu.

Injini ya 205 ni ya alumini yenye silivu, yaani mirija ambamo pistoni hucheza, zinazooga kwenye maji ya kupozea. Mambo mawili hufuata. La kwanza: isipewe maji ya bomba peke yake. Huko nyumbani tumezoea kujaza rejeta kwa maji ya ndoo, na kwenye injini hii hayo maji hula alumini polepole. Weka kulanti sahihi na uibadilishe kwa wakati. La pili ni la fundi: silinda hedi ikishafunguliwa, krenki isizungushwe kabla silivu hazijabanwa, la sivyo zitanyanyuka, maji yatapita chini yake hadi kwenye oili, na kazi ya siku mbili itakuwa ya mwezi.

Lakini ugonjwa wa 205 uko nyuma. Mhandisi alitaka buti pana na gari jepesi, akalaza springi na shoko chini ya sakafu kwenye ekseli fupi yenye beringi za sindano. Sili zikichoka maji huingia, beringi hukauka, na mkono wa gurudumu huanza kula bomba lake. Chuchumaa mita tatu nyuma ya gari utazame matairi ya nyuma. Yakiwa yamepanuka chini na kukaribiana juu, kama miguu ya kigoda, ekseli imekwisha. Kufunga upya ekseli nzima ndiyo gharama kubwa moja utakayokutana nayo kwenye 205, na ni vizuri uitoe kwenye bei kabla hujampa mtu mkono. Ikishapona, unapata gari lisilo na mfano kwenye kona. Kumbuka tu kwamba ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, nyuma hutoka. Wengi walijifunza hilo kwenye mtaro.

Delta ni kazi ya mtu mwenye subira na mkoba. Injini ya cc 1,995 yenyewe ni imara, ila imebanwa kwenye nafasi iliyotengenezwa kwa injini ndogo, pamoja na turbo, mabomba yake, na ekseli inayopeleka nguvu nyuma. Kubadilisha mkanda wa taiming, jambo ambalo kwenye Golf ni la asubuhi moja, hapa hula siku. Mkanda ukikatika, vali na pistoni hukutana. Usiiamini tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Gari likifika kwako, badilisha mikanda na pampu ya maji kabla hujaliwasha mara ya pili. Kwenye gia, sikiliza ya pili inapoingia ikiwa ya baridi. Mfumo wa magurudumu manne, wenye difu ya katikati na ile ya Torsen nyuma, ni kazi nzuri ya uhandisi na hudumu, mradi matairi yote manne yawe ya aina moja na yamelika sawa. Mwenye kuweka tairi mbili mpya mbele na mbili kuukuu nyuma anaiua kimyakimya.

Vipuri

Golf ndiyo yenye raha zaidi, na sababu moja iko Afrika. Kiwanda cha Uitenhage, Afrika Kusini, kiliendelea kutengeneza gari lenye umbo lile la kwanza, likiitwa Citi Golf, kuanzia 1984 hadi 2009. Kwa hiyo mambo mengi ya bodi, miguu na ndani yalitengenezwa robo karne baada ya Ulaya kuachana nayo, tena kwa usukani wa kulia. Vigumu kupata ni vile vya GTI peke yake: vitambaa halisi vya viti vya mirabamiraba, kirungu cha gia chenye umbo la mpira wa gofu, na kigawanyio cha mafuta nilichokisema.

205 ilitengenezwa zaidi ya milioni 5 kwa aina zote, kwa hiyo vitu vya kawaida vipo, na Peugeot wenyewe wamerudia kutengeneza baadhi ya vipuri vya GTI. Plastiki za ndani na mapambo ya nje ndizo zinazosumbua. Zilikuwa dhaifu zikiwa mpya, sasa zina zaidi ya miaka 30. Usinunue 205 iliyokosa vipande vya ndani kwa kudhani utavipata wikendi moja.

Delta ina jamaa zake Italia, na karibu kila kitu hupatikana, lakini kwa bei ya Delta. Kuna vitu ambavyo hutengenezwa kwa mkupuo mmoja, vikiisha unasubiri. Miezi minne kati ya ile kumi na minne niliyokaa nayo ilikuwa ya kungoja bamba moja la fenda ya nyuma.

Usukani na barabara

Jambo hili ni fupi, ila limevunja mioyo mingi. Golf na 205 ziliuzwa Uingereza zenye usukani wa kulia, na zinafaa Kenya, Tanzania na Uganda. Integrale haikutoka kiwandani na usukani wa kulia hata moja. Zipo zilizobadilishwa Uingereza, na ubora wa kazi hiyo hutofautiana sana, kwa hiyo nenda na fundi atazame chini ya dashibodi. Kwa anayeishi Kigali, Bujumbura, Bukavu, Oman au bara la Ulaya, ambako watu huendesha kulia, Delta iko nyumbani.

Kuingiza gari ni suala lake. Kenya kwa kawaida hairuhusu gari lililozidi miaka minane, Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania hutoza ushuru zaidi kwa magari makongwe. Kabla hujamtumia mtu senti, uliza mamlaka husika kwa maandishi kama kuna ruhusa maalumu kwa gari la kihistoria, na usubiri jibu la maandishi. Ahadi ya simu kutoka kwa wakala haitakusaidia gari likiwa bandarini linakula gharama kila siku.

Kuhusu barabara zenyewe, 205 ina tumbo karibu na ardhi na matuta yetu hayana huruma. Golf nayo iko chini, ila springi zake husamehe zaidi. Delta ni nzito, kilo 1,200 na zaidi, na kwenye barabara ya vumbi ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayokufanya uelewe kwa nini Biasion alifika Nairobi wa kwanza. Usisahau tu kwamba gari lake lilikuwa limeinuliwa na kukingwa chini kwa ajili ya kazi ile. La dukani halikuwa hivyo.

Uhalisi na karatasi

Zote tatu zina feki. Kwenye Golf linganisha namba ya injini: ya 1.6 huanza na EG, ya 1.8 na DX. Kwenye 205 kuna nyingi za 1.6 zilizotiwa injini ya 1.9. Si kosa, ila bei isiwe ya 1.9 halisi. Utazitambua mara nyingi kwa nyuma: 1.9 ilitoka na breki za diski magurudumu yote na rimu za inchi 15, wakati 1.6 ilikuwa na dramu nyuma na rimu za inchi 14. Kwenye Delta hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu Evoluzione ina thamani mbali sana na Integrale ya kwanza, na mabega mapana yanaweza kuchomelewa. Namba ya chesisi ithibitishwe, usitazame umbo.

Na kama gari linadaiwa kuwa lilishindana kweli, ombeni karatasi: fomu za mashindano, leseni za zamani, picha zenye namba ya usajili, pasipoti ya kiufundi ya kihistoria ya FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, kama ipo. Kisha ujiulize kama kweli unalitaka. Bodi iliyokwisha kutobolewa kwa ajili ya keji ya mabomba ya kumkinga dereva na kupigwa mawe misimu mitatu ni mzigo mwingine, na ukiirejesha kuwa gari la barabarani unafuta historia uliyoilipia. Mimi ningeiacha na makovu yake. Wanaoota mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic, yaliyoanza 2003, wasome kanuni za mwaka husika kwanza. Magari yanayotamba kule ni Porsche 911 na Ford Escort, na hachibaki hizi hazikupata nafasi kubwa.

Kulingana na hali yako

Kama hili ni gari lako la kwanza kufufua, unapenda kushika spana mwenyewe Jumamosi, na unaye jirani anayechomelea vizuri, Golf itakufundisha bila kukufilisi. Tafuta yenye bodi nzima hata kama injini imekufa. Injini inaweza kurudi kwa wiki, lakini bodi iliyooza inaweza kukuchukua miaka miwili.

Kama unaishi mbali na bahari, una mahali pakavu pa kuliweka gari, na unachotaka hasa ni kuliendesha, chukua 205. Mwenye kupenda wepesi achukue 1.6, mwenye safari ndefu za barabara kuu atashukuru kwa 1.9. Weka pesa ya ekseli pembeni tangu siku ya kwanza, hata kama matairi ya nyuma yamesimama wima leo.

Kama Safari ya 1988 inakuja kichwani kila unapoliona lile umbo, unaendesha upande wa kulia, na umeshapata fundi anayezijua kwa jina, Delta itakulipa kwa namna ambayo hizo mbili haziwezi. Integrale ya vali 8 ndiyo mlango wa busara. Ina nguvu za kutosha na ndiyo iliyoshinda Kenya mara ya kwanza. Kama pesa yako inatosha kununua tu na haitoshi kufungua bodi, subiri mwaka.

Kama gari liko tayari nchini mwako na limesajiliwa, hilo linashinda mengi ya hapo juu. Golf ya wastani yenye kitabu halali Nakuru ni bora kwako kuliko Delta safi iliyoko Turin.

Siku ya ukaguzi nenda asubuhi, gari likiwa baridi, na mwambie mwenyewe mapema asiliwashe. Beba tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ya kutafutia puti, jeki yako mwenyewe na kipande cha kadibodi cha kulalia. Golf, fungua kifuniko cha mafuta kwanza. 205, chuchumaa nyuma. Delta, pitisha ukucha pembeni mwa paa. Ndipo uombe funguo.